Kitanda cha Wageni

Nilikuwa nimelala chali sakafuni, simenti baridi mgongoni, mguu wangu mmoja ulio mzima umekunjika mahali ambapo Mungu hakuweka kiungo, na mtoto anakuja. Pembeni yangu kilisimama kitanda cha kuzalia kilichopandishwa juu ya matofali kama tangi la maji. Mbele yangu, nyuma ya mlango wa nondo wenye kufuli, kulikuwa na kitanda kingine, kipya, kile kinachoshuka mpaka chini ukikanyaga pedali, kimetulia ndani ya nailoni yake. Ningekuwa na gongo mkononi ningekigusa. Magongo yangu yote mawili yalikuwa nje ya mlango, maana nesi alisema vyuma vinaingiza uchafu.

Simu ya nesi ilikuwa imewekwa dirishani, sauti imefunguliwa. Ndani ya simu watu walikuwa wanapiga vigelegele. Sista mkubwa wa kituo alikuwa kwenye kwanjula ya mpwa wake, ile sherehe bwana anapopelekwa kujitambulisha kwa wakwe, na ufunguo wa mlango wa nondo ulikuwa kwenye mkoba wake.

"Musawo," nesi akaiambia simu, kwa lile jina la heshima la waganga, "ile mama mulema ameanguka."

Nikasema kutoka chini, "Sikuanguka. Mmeniangusha."

"Nyabo, tulia. Usisukume kwanza, niko kwa simu."

Nimeanza na saa hiyo ili asije mtu akasema nimeificha nyuma ya vichekesho. Vichekesho vitakuwepo, mimi ni mtu wa kucheka, na hadithi hii nimeshaisimulia sokoni Bwaise watu wakashika mbavu. Lakini ninachokitaka nakiweka wazi hapa mwanzoni: nataka mtu ajibu juu ya mguu huu. Majina siandiki. Wenyewe wakisoma watajiona kama kwenye kioo.

Mguu wa kushoto haumo katika kesi hii. Huo ulikufa nikiwa mtoto wa kutambaa, homa ilikuja ikaondoka nao, na simdai mtu. Ninaoulilia ni wa kulia. Ule ulikuwa mguu wa watu wawili. Ulinibeba na magongo yangu kwenye tope la Bwaise, ulinipandisha ngazi, ulinichezesha ngoma kwenye harusi za watu. Ungeuona ungesema ni wa mpiga mpira.

Shule niliishia darasa la nne, si kwa upungufu wa kichwa. Darasa la tano lilikuwa juu mlimani na nyumbani hapakuwa na mgongo wa kunibeba kila asubuhi. Basi nikabaki na mama. Nyumba yetu ni ya Waswahili wa zamani wa mji huu, wale ambao babu zao walikuja na vitambaa na chumvi wakasahau kurudi kwao. Sebuleni kulikuwa na kabati la vioo, na ndani yake vikombe vyeupe vyenye ukingo wa dhahabu, alivyoachiwa mama na mama yake. Kila Ijumaa mama alivitoa, akavikosha, akavifuta, akavirudisha. Sisi tulinywea bati. Nikauliza siku moja ni vya nani. Vya wageni, akasema. Wageni walikuja, mashangazi, walimu wa madrasa, jamaa kutoka Mombasa, na vikombe havikutoka. Baba alipokufa nyumba ilijaa watu mpaka barazani, mama akaazima vikombe kwa jirani. "Wageni wa msiba wanavunja," alisema. Kwa hiyo ugonjwa wa kutunza kitu kizuri mpaka kisifae naujua. Nimelelewa nao.

Mume wangu ni Mkenya, fundi wa kuchomelea, ana kibanda chake Katwe katikati ya kelele zile za nyundo. Magongo yangu ya mbao yalioza kwa mafuriko, nikaenda kwake anitengenezee ya chuma. Alikuja kunipima urefu. Akapima, akarudi kupima tena, mara ya tatu nikamwambia, fundi, mimi sirefuki, sema unachotaka. Akacheka akasema anataka kumwona mama. Akasilimu, akajifunza kula pilau kwa mkono, tukaoana. Mama yake alipiga simu kutoka kwao, na simu ya mume wangu inasikika mpaka kwa jirani.

"Huyo atakuchotea maji na mkono gani, na yote miwili imeshika fimbo?"

"Mama, huku Bwaise maji hatuchoti," mume wangu akamjibu. "Yanakuja yenyewe mpaka kitandani."

Na ndiyo kweli. Bwaise mvua ikinyesha mfereji unarudisha kila kitu ulichoutupia, na watu wote vitanda vyao vimepandishwa juu ya matofali. Changu mume wangu alikishusha, akakikata miguu kwa msumeno ili nipande mwenyewe. Maji yakija tunahamia mezani wote wawili, tunakaa kama kuku, tunasubiri yapungue. Sijapata kumwona mwanamume aliyenyeshewa ndani ya nyumba yake akiwa na furaha vile.

Hapo kwetu, kando ya barabara ya Bombo, nilikuwa nauza sigiri, yale majiko ya mkaa, anazipiga yeye Katwe, naziuza mimi Bwaise. Mimba ilinikuta nimeshapita umri ambao watu huanza, na mama akanipeleka kliniki kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Tuliingia, nesi akaniangalia tumbo, akaangalia magongo, akamgeukia mama.

"Huyu, nani alimfanyia hivi?"

"Mumewe," mama akasema.

"Eh. Iko na bwana?"

"Anaye, na ana wivu."

Nikamwambia, "Sista, niulize mimi. Tumbo liko huku."

"Kumbe huyu naongea," nesi akasema, na benchi lote likacheka. Mama mmoja mnene aliyekaa mwisho wa benchi akanisogelea, akanipapasa bega. "Bambi," akasema, lile neno lao la huruma wanalolipaka kila mahali kama siagi. "Bambi, hata wewe?"

"Hata mimi," nikamwambia. "Taa ikizimwa wote tunalala."

Alicheka mpaka akashika tumbo lake, na tangu siku ile alikuwa ananishikia nafasi kwenye foleni.

Mizani ilikuwa ya kusimama. Siwezi kusimama bila magongo, basi nesi akanipima nayo, chuma cha Katwe juu ya mizani, akaandika. Mwezi uliofuata akanisifu kwamba mimba inashiba vizuri. Mume wangu alikuwa ameongeza bomba nene kwenye gongo la kulia, hilo ndilo lililoshiba. Sikumwambia. Ukisifiwa pale unachukua.

Kitanda cha kupimia tumbo nacho kilikuwa juu. Hapo niliwafundisha. Kila asiyeweza kutembea ana namna yake ya kubebwa, kama kila mlango una upande wake wa kusukuma. Mimi mtu mmoja ananikumbatia kwa nyuma, mikono chini ya kifua, na mguu wa kulia unatangulia, naukanyagisha kwenye ukingo, najisukuma mwenyewe. Basi. Sina uzito ukinisikiliza. Mama na yule mnene wa benchi walinipandisha kila mwezi bila shida, na nesi akiangalia. Aliona. Nasisitiza kwamba aliona.

Lakini kitanda cha kuzalia kilikuwa habari nyingine. Mwaka uliotangulia maji yaliingia mpaka chumba cha kuzalia, nao wakafanya kama sisi, wakakiweka juu ya matofali. Mwenye miguu miwili alikuwa anakwea kama anapanda lori. Wasioweza walizalia chini juu ya kaveera, ile nailoni tunayokwenda nayo wenyewe pamoja na glavu na wembe. Nilipokiona nilianza kukiota.

Ndipo kikaja kitanda kipya.

Siku hiyo boda ilitumwa nyumbani kunichukua, imelipiwa. Sista mkubwa mwenyewe alipiga simu. Huyu ni mama mtu mzima, mnadhifu, sauti ya kanisani, anapenda kukuita nyabo, yaani bibi mheshimiwa, akikukatalia. "Uvae vizuri," alisema, "na tumbo lionekane." Nikavaa dera la kijani. Nikakuta hema, viti vya plastiki, spika, wafadhili kutoka nje wamevaa kofia, na mheshimiwa mmoja wa mjini aliyechelewa mpaka soda zikapata moto. Kitanda kilikuwa katikati ya hema kimefungwa utepe. Mimi ndiye niliyekuwa mlemavu wao wa siku. Hawakusema hivyo, walisema "mama yetu."

Wakanikalisha juu yake. Mtu akakanyaga pedali na kile kitanda, nasema kweli, kikashuka taratibu kama ngamia anayepiga magoti, mpaka nyayo zangu zikagusa nyasi. Watu wakapiga makofi. Kikapanda. Makofi. Mheshimiwa akasema naye ajaribu, akavua kiatu, akakanyaga, na kwa kuwa alikipenda kile kitu akawa ananipandisha na kunishusha, ananipandisha na kunishusha, huku anahutubia. "Kuanzia leo," akasema nikiwa juu, "hakuna mama mlemavu," nikashuka, "atakayezalia tena chini katika kituo hiki." Nikapanda. Mtoto tumboni alikuwa anapiga mateke kama anaomba kushuka.

Walipomaliza picha nikamshika sista mkubwa mkono. "Kwa hiyo mimi nitazalia hapa?"

"Hiki ni chako, nyabo," akasema. "Wewe ndiye mama wa kwanza."

Aliyasema mbele ya wafadhili, mbele ya askari wa geti, mbele ya nesi. Sikuomba, nilipewa.

Magari yalipoondoka nilibaki nasubiri boda ya kunirudisha, ambayo haikuwa imelipiwa, na nikawaona wanakirudishia nailoni. Walifanya kwa uangalifu, wanakunja pembe, wanabandika na gundi ya karatasi. Wakakisukuma mpaka kichumba kile chenye mlango wa nondo, ndani ya chumba cha kuzalia, wakafunga kufuli. Nikadhani wanakikinga na mafuriko. Nyumbani nikamsimulia mama, nikamwigizia na mheshimiwa, tukacheka sana. Kuhusu nailoni mama alisema, "Wamefanya vizuri. Kitu kizuri kinatunzwa."

Uchungu ulinianza Jumamosi asubuhi, jua linawaka, niko dukani kwangu, yaani juu ya kigoda changu. Mume wangu alikuja kutoka Katwe hata miwani ya kuchomelea hajaivua, ameisukuma kichwani. Tukapanda boda watatu, mimi katikati, magongo yametoka pembeni kama mabawa, na dereva akiomba dua kwa sauti. Nilikuwa nacheka kati ya uchungu mmoja na mwingine. Sikuwa na hofu hata kidogo. Mimi nilikuwa na kitanda.

Getini askari akaweka mkono. Alikuwa mzee aliyestaafu jeshini, mwili kama mlango, Kiswahili chake cha kambi. "Mwanaume mwisho hapa. Ndani iko ya wanawake."

"Huyu anahitaji kushikwa namna yake," mume wangu akamwambia. "Nimsindikize mpaka kitandani, nitoke."

"Amri ni amri, fundi. Kaa pale kwa kivuli."

Nikaingia peke yangu. Nesi wa zamu alikuwa yule yule wa mizani. Akachukua magongo yangu mlangoni, akanishika mkono mpaka chini ya kile kitanda cha matofali. "Panda," akasema.

"Kwenye kile kingine."

"Ile iko na kufuli. Ufunguo iko na sista, na sista amekwenda kwanjula."

"Mpigie."

Akapiga, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Nimeshikilia mguu wa kitanda, maji yameshaniponyoka, na simu inaita. Sista mkubwa alipopokea alikuwa anacheka na mtu wa pembeni. Nesi akafungua sauti ili nisikie mwenyewe, hilo nalishukuru, kwa kuwa nilisikia kwa masikio yangu.

"Tumia cha kawaida," sista mkubwa alisema. "Kile hakijafunguliwa. Wale wageni wanarudi mwezi ujao kukikagua, wakikuta kimeingia damu nitawaambia nini?"

"Sista, ni mimi," nikapaza sauti. "Yule mama wa kwanza."

"Nyabo, jikaze kidogo. Huku bwana harusi anaingia." Ikakatika.

Nikamwambia nesi, basi, nitandikie kaveera yangu chini, nizalie chini kama wenzangu. Siogopi sakafu, nimetambaa juu yake miaka yangu yote ya utoto. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Chini sasa wamekataza. Tangu ile kitanda imekuja, hakuna mama nazaa chini hapa."

Naomba msomaji arudie kusoma maneno hayo, mimi nimeyarudia miaka saba. Kwa kuwa kilikuwepo kitanda cha kushuka ambacho haturuhusiwi kukilalia, ilikatazwa sakafu tuliyokuwa tunaruhusiwa.

Akamwita askari aje anyanyue. Mume wangu alizuiwa kwa sababu ni mwanaume, na huyu mwanaume aliyemzuia akaingia. Nikawaambia vizuri, kwa heshima, kati ya uchungu na uchungu, "Mzee wangu, nikumbatie kwa nyuma. Mguu wa kulia utangulie. Nitajisukuma mwenyewe."

"Mama, mimi nimebeba mabomu," askari akasema. "Wewe nalegeza mwili tu."

Akanikamata miguu yote miwili, kama unavyokamata gunia. Nesi akanishika kwapani. Wakahesabu, wakaninyanyua, na nikiwa hewani, kiuno kimefika usawa wa ukingo, simu ikalia dirishani. Ilikuwa sista mkubwa anapiga tena. Nesi akaachia mkono mmoja.

Haikuwa muda mrefu. Labda alitaka tu kuiangalia. Mgongo wangu ukashuka, miguu ikabaki mikononi mwa askari, na ule wa kulia ukagonga tofali la kitanda kwa uzito wangu wote. Niliusikia kabla sijauhisi. Ulitoa sauti ya kuni kavu.

Nilipiga ukelele, na mume wangu akausikia huko kwenye kivuli. Akaja mpaka mlangoni akaona mlango wa nondo na kitanda nyuma yake, akaelewa vyote kwa mara moja. Akasema ana grainda ya kukatia chuma kwenye begi lake la kazi, kufuli lile ni la dakika moja. Askari akamsukuma kwa kifua mpaka nje. "Hii mali ya kituo," alikuwa anamwambia. "Ukikata, mimi naulizwa." Kumbe pale kulikuwa na kitu ambacho mtu anaulizwa.

Kwa hiyo nilizaa chini. Kulikuwa na vitanda viwili mle chumbani na mimi nilizaa katikati yao, juu ya kaveera yangu niliyokwenda nayo, na mguu umevunjika. Nesi alipopiga magoti alikuwa kama mtu mwingine. Mikono yake ilikuwa hodari, ilitulia, alinishikilia ule mguu kwa goti lake huku anampokea mtoto, na binti yangu alitoka mzima, analia kama spika ya kwenye hema. Hilo sitamnyima nesi. Alijua kazi. Ndiyo maana nina hasira naye zaidi kuliko askari.

Nikapelekwa hospitali kubwa, nikafungwa plasta kuanzia nyonga. Mfupa uliunga vibaya, umepinda na kufupika, na hauchukui uzito. Waliosema watauvunja tena waunyooshe walitaka kunifanya kazi ya fundi bati, nikakataa. Magongo ya chuma yako ukutani. Sasa natembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ya kukanyaga kwa mikono, mume wangu aliijenga Katwe akaipaka rangi nyekundu. Nikipita Bwaise watoto wananikimbilia wanasukuma. Lakini mvua ikinyesha sitoki, magurudumu yanazama. Na mezani sipandi tena kama kuku. Ananipandisha yeye.

Sista mkubwa alikuja nyumbani kwa mama kunitazama, na nanasi na sabuni ya mtoto. Alikaa sebuleni, gomesi yake, lile vazi la mabega yaliyochongoka, imepigwa pasi, akamsifu mtoto kwa sauti ile ya kanisani. Na mama yangu, Mungu amrehemu, akainuka akafungua kabati la vioo. Akatoa kikombe chenye ukingo wa dhahabu. Akammiminia chai. Maisha yangu yote nimesubiri kumjua huyo mgeni wa vikombe, na ndiye huyo.

"Pole kwa kuanguka," sista mkubwa akaniambia.

"Nani kaniangusha?"

"Nyabo, mambo hutokea. Na ninyi kuanguka ni kawaida yenu, bambi."

"Nimeanguka mara nyingi, sista, najua kunavyokuwa. Siku ile nilikuwa hewani, nimebebwa na watu wako. Ufunguo ulikuwa wapi?"

Akanywa chai kidogo. "Mungu amekupa mtoto mzima. Unataka nini tena?"

"Mguu."

Mama akanikonyeza ninyamaze, mgeni asiudhike. Nikanyamaza siku ile kwa heshima ya mama. Alipoondoka mama alikiosha kikombe peke yake, mara mbili, akakirudisha.

Tangu hapo nimeuliza. Kila nilipompeleka mtoto kuchanjwa niliuliza. Askari alisema yeye hakuachia, aliyeachia ni nesi, yeye hata sasa angekuwa ameshika miguu. Nesi alisema ni simu, na ukipigiwa na mkubwa unapokea, vinginevyo unahamishwa. Akahamishwa hata hivyo. Sista mkubwa alisema kitanda ni cha wafadhili, wao ndio wakaguzi. Wafadhili walipokuja tena nilijiendesha mpaka hemani na baiskeli yangu nyekundu, nikamshika mmoja, na kijana mmoja akanitafsiria. Mfadhili akashangaa, akasema walikileta kitumike. Akamwangalia sista mkubwa. Sista mkubwa akacheka, akasema huyu mama ni mchangamfu sana, akanipa soda. Walikuwa wanapokezana mguu wangu kama sufuria ya moto isiyo na kitambaa, na kila mmoja akiharakisha kumwekea mwenzake.

Ningeweza kuendelea kuishi hivyo, nikiuza sigiri na kusimulia watu wacheke. Binti yangu anasoma, ananisahihishia makosa ya herufi hata katika haya ninayoandika. Mume wangu ameota mvi, bado ana wivu. Kilichonikalisha kuandika ni binti mwingine, wa jirani, anayeuza mkaa karibu na sigiri zangu. Naye anatembea kwa magongo, miguu yote miwili, na ana mimba kubwa. Wiki iliyopita alikuja anarusha magongo kwa furaha.

"Anti, leo nimepigwa picha."

"Wapi?"

"Kituoni. Wamekuja wageni wengine. Sista mkubwa kanitumia boda. Wana kitanda, Anti, ukikanyaga kinashuka mpaka chini."

Nikamwuliza kama walikuwa wametoa nailoni.

"Waliitoa wakati wa picha," akasema. "Baadaye wakairudisha, ile ile. Imeshakuwa ya njano." Akashusha pumzi, akajishika tumbo. "Sista kasema ni changu."

Sikucheka. Nadhani ni mara ya kwanza aliniona sicheki, akaanza kuniuliza nina nini, nami nikamwonyesha mguu na kumweleza ulivyovunjika. Alikuwa anadhani nilizaliwa nao hivyo. Watu wengi wanadhani.

Sasa, sista mkubwa, bado uko pale, mwaka wako wa kustaafu haujafika, na haya nitakuletea mkononi mwenyewe, nikiyasoma kwa sauti mbele ya benchi la kina mama ukikataa kuyapokea. Askari atajibu kwa nini hakusikiliza alipoambiwa jinsi ya kubeba. Nesi, popote walipompeleka, atajibu kwa nini aliachia. Wewe jibu la kwako: ni nani aliyestahili kile kitanda kuliko mwanamke aliyekuwa akizaa mbele yake? Mtaje. Na huyu binti wa mkaa siku zake zimekaribia, huenda zikaangukia Jumamosi, huenda mpwa mwingine anaposwa. Nataka uniambie kabla ya siku hiyo, mbele ya watu, ufunguo utakuwa kwa nani. Fundi wangu atakuwepo na grainda yake, na safari hii hatakaa kivulini.